Kujichoma Sindano ya Kingamwili ya Pumu Nyumbani: Mwongozo kwa Anayeanza

Maswali ni yale yale. "Nikianza sindano, inhela naiacha?" "Nimeisahau nje ya friji usiku kucha, bado inafaa?" "Nimechoma jana, mbona leo bado nakohoa?" Mimi ni muuguzi kwenye kliniki ya pumu, na sehemu kubwa ya kazi yangu siku hizi ni kumfundisha mtu mzima mwenye akili zake timamu kujichoma sindano pajani bila kufumba macho. Nimeona niyaandike yote mahali pamoja. Atakayeuliza nitampa hiki asome kwanza, kisha tukae tuzungumze yatakayobaki.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye daktari amekwisha kumwandikia sindano hizi kwa ajili ya pumu kali, au wa yule anayemhudumia. Kama bado unajiuliza iwapo unazihitaji, hilo liko kwa daktari wako na vipimo vyako. Halafu ndani ya boksi la dawa kuna karatasi ya maelekezo iliyokunjwa mara kumi na mbili. Usiitupe. Ikisema tofauti na mimi, fuata karatasi.

Dawa yenyewe ni kitu gani

Kwa kifupi tu. Kingamwili ni protini ambazo mwili huzitengeneza ili kukamata wavamizi. Hizi za sindano hutengenezwa kwa teknolojia ya kibayolojia, na kila moja imelengwa kukamata kitu kimoja kati ya vile vinavyowasha moto kwenye njia za hewa za mwenye pumu. Majina yote yanaishia na "mab". Nayaandika kama yalivyo kwenye boksi ili usipotee:

Omalizumab hunasa IgE, ile kingamwili ya mwili inayohusika na mzio. Ndiyo iliyotangulia, iliidhinishwa kwa pumu Marekani mwaka 2003. Kiasi chake hupangwa kwa uzito wako na kiwango cha IgE katika damu, na huchomwa kila wiki 2 au 4.

Mepolizumab huzuia IL-5, kichocheo kinachokuza eosinofili. Eosinofili ni aina ya chembe nyeupe za damu ambazo katika pumu ya baadhi ya watu hujazana kwenye njia za hewa na kuzivimbisha. Mtu mzima huchoma 100 mg kila wiki 4.

Benralizumab huzishika eosinofili zenyewe na kuzimaliza. Ni 30 mg kila wiki 4 kwa dozi 3 za kwanza, baada ya hapo kila wiki 8.

Dupilumab huziba mlango unaotumiwa na vichocheo viwili, IL-4 na IL-13. Huchomwa kila wiki 2. Dozi ya kwanza kwa kawaida ni maradufu, yaani sindano mbili siku moja, kwa hiyo usishtuke ukapiga simu kusema umepewa kimakosa.

Tezepelumab huzuia TSLP, ambayo ni kama kengele inayopigwa mapema na utando wa njia ya hewa unapochokozwa. Ni 210 mg kila wiki 4.

Ipo pia reslizumab, lakini hiyo hupitishwa kwenye mshipa kwa dripu, hospitalini. Haituhusu hapa.

Kama utasahau mengine yote, shika hili: hakuna hata moja kati ya hizi inayofungua kifua kilichobana. Kifua kikibana, mkono uende kwenye inhela ya dharura. Sindano hizi hufanya kazi taratibu, kwa wiki na miezi, ili siku za kubanwa ziwe chache.

Mambo ya kumaliza kabla ya dozi ya kwanza

Onyesha unavyovuta inhela. Najua umeitumia miaka kumi. Onyesha tu. Si mara moja nimempokea mtu aliyekuja kwa ajili ya sindano, nikamwomba avute mbele yangu, nikaona dawa yote inaishia kwenye ulimi. Mtu wa namna hiyo hajashindwa na inhela, kwani dawa haijawahi kumfika kifuani. Wapo waliorekebisha tu uvutaji wao na wakaacha kuihitaji sindano.

Toa damu wakati sahihi. Daktari ataangalia eosinofili, na mara nyingi IgE. Vidonge vya steroidi kama prednisoloni hushusha eosinofili, kwa hiyo sema lini ulimeza mara ya mwisho, hata kama ilikuwa siku tano tu za shambulio la mwezi uliopita. Kwa anayeanza omalizumab, IgE lazima ipimwe kabla. Ukishaanza dawa, kiwango hicho hupanda na kinaweza kubaki juu hadi mwaka mmoja baada ya kuacha, kwa hiyo hakifai tena kupangia dozi. Hifadhi karatasi ya majibu ya kwanza kama unavyohifadhi cheti.

Maliza habari ya minyoo. Hili watu hulipuuza, na mimi nalishikilia kuliko mengine. Eosinofili na IgE ni silaha ambazo mwili hutumia dhidi ya minyoo. Ukiwa na minyoo tumboni, namba zote mbili zinaweza kupanda, na daktari akasoma pumu mahali ambapo sehemu ya kelele ni ya minyoo. Pia unakwenda kuchoma dawa inayopunguza silaha hizo hizo. Kwa hiyo pima choo, tibu minyoo kama ipo, ndipo uanze. Ukipata minyoo katikati ya matibabu na dawa ya minyoo isifanye kazi, daktari anaweza kusimamisha sindano mpaka iishe.

Taja chanjo unazozitarajia. Chanjo zenye virusi hai vilivyodhoofishwa, kama ya surua na ya homa ya manjano, zapaswa kuzungumzwa kabla, hasa kwa dupilumab na tezepelumab. Anayeanza mepolizumab aulize pia kuhusu chanjo ya mkanda wa jeshi.

Sema kama una mimba, unanyonyesha, au unapanga. Sema pia kama ngozi yako inachukia mpira wa glavu, kwa sababu vifuniko vya baadhi ya sindano vina mpira wa aina hiyo.

Sindano za mwanzo hazichomwi nyumbani

Utazichoma kliniki na utakaa pale uangaliwe. Sababu ni anafilaksia, yaani mzio mkali wa ghafla wa mwili mzima. Hutokea kwa wachache, lakini ukitokea hausubiri. Omalizumab ina onyo rasmi la jambo hili Marekani tangu mwaka 2007. Kwa kawaida mgonjwa wa omalizumab haruhusiwi kujichoma nyumbani kabla hajapata angalau dozi 3 mbele ya wahudumu bila tatizo. Onyo hilo linasema pia kwamba mzio unaweza kuja hata baada ya mwaka mzima wa kuitumia dawa vizuri, ndiyo maana usijichome ukiwa peke yako ndani na simu imezima chaji. Kama umeandikiwa adrenalini ya kubeba, yaani sindano ya dharura ya mzio mkali, iwe karibu, na anayeishi nawe ajue inavyotumika.

Zile siku za kliniki zitumie kujifunza. Omba kalamu ya mazoezi, yaani kifaa cha kuchomea chenye umbo la kalamu, kisicho na sindano ndani. Ibonyeze mara tano, usikie mlio wake. Ukiuzoea mlio, nusu ya woga imekwisha.

Vifaa vya kuandaa

- Dawa yako, ikiwa bado ndani ya boksi lake
- Sabuni na maji
- Pamba au kitambaa chenye spiriti
- Pamba kavu au shashi, na plasta moja
- Chombo kigumu cha plastiki chenye mfuniko unaofunga, cha kutupia sindano
- Saa yenye sekunde, au simu
- Daftari na kalamu ya kuandikia
- Inhela yako ya dharura

Dawa huja katika maumbo mawili. Kuna kalamu ya sindano, ambayo huoni ncha yake na unaibonyeza tu kwenye ngozi, na kuna bomba lililojazwa tayari, ambalo unasukuma kwa kidole gumba. Hatua zinafanana isipokuwa ya tisa. Jua la kwako ni lipi kabla ya kuanza.

Hatua kwa hatua

1. Angalia kifua chako kwanza. Kama unabanwa sasa hivi, tibu shambulio kwanza kwa mpango uliopewa na uache sindano isubiri. Ukiwa na homa kali au maambukizi yanayokulaza, piga simu kliniki kabla ya kuchoma. Mafua madogo hayazuii.

2. Toa boksi kwenye friji na uliache mezani lipungue ubaridi. Dakika 30 hadi 45 zinatosha kwa nyingi. Tezepelumab huhitaji kama saa nzima. Dawa ikiwa baridi haiharibiki, ila inauma inapoingia. Usiiharakishe kwa maji ya moto, jua, wala kuishikilia juu ya jiko. Usiondoe kifuniko cha sindano wakati huu.

3. Soma jina, kiasi na tarehe ya mwisho wa matumizi. Soma kwa sauti kama kuna dawa nyingine za sindano humo nyumbani. Nyumba yenye mtu wa pumu na mtu wa kisukari kwenye friji moja ina kalamu zinazofanana sana saa kumi na mbili asubuhi.

4. Tazama dawa kupitia dirisha. Kwa nyingi iwe isiyo na rangi kama maji hadi njano hafifu; mepolizumab na omalizumab zinaweza kuelekea kahawia hafifu. Kiputo cha hewa ni kawaida, usijaribu kukitoa. Sindano hii inaingia chini ya ngozi, haiingii mshipani, na kiputo hicho hakina madhara. Kama dawa imekuwa na ukungu, imebadilika rangi, au ina vitu vikubwa vinavyoelea, iweke kando. Benralizumab peke yake inaruhusiwa kuwa na chembe chache ndogo nyeupe.

Onyo: usitikise. Tumelelewa na chupa za dawa ya kikohozi zilizoandikwa "tikisa kabla ya kutumia", na mkono unafanya wenyewe. Protini hizi hazipendi kutikiswa.

5. Nawa mikono kwa sabuni, ukaushe.

6. Chagua mahali. Sehemu ya mbele ya paja, katikati, ndiyo rahisi kuliko zote. Tumbo linafaa pia, ila kaa mbali na kitovu kwa sentimita 5 kila upande. Nyuma ya mkono wa juu ni kwa mtu mwingine anayekuchoma, kwa sababu wewe mwenyewe hutaweza kushika vizuri. Epuka kovu, jeraha, mahali pekundu, pagumu au panapouma. Badilisha kila mara: paja la kulia leo, la kushoto mara ijayo. Anayehitaji sindano zaidi ya moja siku moja aziachanishe kwa angalau sentimita 2.5.

7. Futa kwa spiriti, uache pakauke penyewe. Usipulize wala kupepea na mkono. Spiriti mbichi ikiingia na ncha ya sindano inachoma kuliko dawa yenyewe, na hapo mtu huapa kwamba dawa ndiyo kali.

8. Vuta kifuniko moja kwa moja kwenda nje, bila kuzungusha, ukiwa tayari kabisa kuchoma. Usikirudishe. Ukishakivuta usianze kutafuta simu. Usiguse ncha, na usichome kupitia nguo, hata nyepesi.

9. Choma.

Kwa kalamu: isimamishe wima, nyuzi 90 na ngozi, uweze kuona dirisha lake. Bonyeza kama maelekezo ya kalamu yako yanavyosema. Nyingine huanza kwa kusukumwa tu kwenye ngozi, nyingine zina kitufe. Utasikia mlio. Baki hapo hapo. Subiri mlio wa pili, au dirisha lijae rangi, kisha hesabu polepole kadiri karatasi inavyoelekeza. Kwa jumla ni kama sekunde 15 hadi 20.

Kwa bomba: bana ngozi kwa vidole viwili, ingiza sindano kwa nyuzi 45 kwa mwendo mmoja wa haraka, kisha sukuma polepole mpaka mwisho kabisa. Haraka ni kwenye kuingiza, polepole ni kwenye kusukuma. Wengi hugeuza: wanaingiza kwa kusitasita na kusukuma kwa kukimbilia, ndiyo maana inawauma.

Onyo: kosa kubwa kuliko yote kwa wenye kalamu ni kuinua mkono kwenye mlio wa kwanza. Mlio wa kwanza unasema dawa imeanza kuingia. Ukiinua hapo, dawa itamwagika pajani.

10. Toa, weka pamba kavu, bonyeza kidogo. Usisugue. Kile kisa cha "sugua dawa itembee" tukiache. Hapa kusugua kunaleta michubuko tu. Tone moja la damu au la dawa juu ya ngozi si tatizo.

11. Tupa sindano papo hapo kwenye chombo kigumu. Isikae mezani, isiingie kwenye mfuko wa taka wa jikoni ambako atachomwa mtu anayeubeba. Chombo kikijaa robo tatu, kifunge na ukirudishe kliniki au mahali walikokuelekeza. Kila sindano ni ya mara moja. Hata ikionekana kuna dawa iliyobaki, haichomwi tena.

12. Andika: tarehe, upande, namba ya toleo iliyo kwenye boksi, na chochote ulichohisi. Kisha andika tarehe ya sindano ijayo, leo hii. Nimewaona watu wenye ujuzi mzuri kabisa wa mkono wakifeli matibabu kwa sababu ya kalenda. Kuchoma ni sekunde kumi na tano. Kukumbuka ni mwaka mzima.

Baada ya kuchoma

Kaa karibu na watu kwa nusu saa, au kwa muda ulioambiwa. Dalili za mzio mkali ni vipele vinavyovimba na kuwasha mwili mzima, midomo, ulimi au koo kuvimba, kifua kubana au kupiga filimbi ghafla, kizunguzungu, kutapika, kuzimia. Ukiziona tumia adrenalini kama unayo na uende hospitali mara moja. Usianze kwa kidonge cha mzio ukisubiri uone. Kwa omalizumab mzio huo unaweza kuchelewa kwa saa kadhaa, kwa hiyo usisafiri peke yako kwenda mbali siku hiyo hiyo ya dozi za mwanzo.

Madhara ya kawaida ni madogo: wekundu au uvimbe pale ulipochoma, kichwa kuuma, uchovu, koo, mgongo. Kwa kawaida hupita ndani ya siku chache.

Inhela ya kila siku inaendelea. Naandika hivi nikijua utaitikia kwa kichwa tu kama wengine wote. Mwezi wa tatu kifua kinakuwa chepesi, mtu anapanda ngazi bila kusimama, anasema inhela ya nini tena. Anaiacha kimya kimya. Daktari anakuja kuona mambo yameharibika na kudhani sindano imeshindwa, anaibadilisha bure. Kama unataka kupunguza inhela, jambo hilo lipo na linafanyika, ila linafanywa kwa mpango na ninyi wawili mkijua.

Aliye kwenye vidonge vya prednisoloni kila siku asikilize zaidi. Kuvipunguza ni moja ya malengo makubwa ya sindano hizi, lakini usivikate mwenyewe. Ukivimeza kwa muda mrefu, tezi zilizo juu ya figo huacha kutengeneza homoni yake kwa kiasi cha kutosha. Ukiacha ghafla, mwili unabaki mikono mitupu: presha inashuka, unatapika, unaishiwa nguvu, na mtu anaweza kufa. Hupunguzwa kidogo kidogo, kwa wiki na miezi.

Pima maendeleo kwa namba, usitegemee hisia. Lipo dodoso fupi la pumu liitwalo ACT, maswali 5, alama kuanzia 5 hadi 25. Alama 20 na kuendelea maana yake pumu imedhibitiwa vizuri, na kupanda kwa alama 3 ni mabadiliko ya kweli. Lijaze kabla ya dozi ya kwanza, halafu kila mwezi. Ongeza na hesabu ya mara ulizotumia inhela ya dharura, usiku ulioamka, na mashambulio yaliyohitaji steroidi.

Mambo yakienda kombo

Dawa ililala nje ya friji. Usiitupe kabla ya kuuliza. Mahali pake ni nyuzi 2 hadi 8, lakini kila moja ina uvumilivu wake. Mepolizumab huvumilia hadi siku 7 chini ya nyuzi 30, ikiwa ndani ya boksi. Dupilumab na benralizumab siku 14, na tezepelumab siku 30, zote bila kuzidi nyuzi 25. Omalizumab jumla ya siku 2 tu. Tatizo ni hizo nyuzi 25: chumba kilichofungwa mchana huzivuka kirahisi, gari lililoegeshwa juani ndiyo usiseme. Andika saa uliyoikuta, piga simu, na usiitumie mpaka ujibiwe. Umeme unaokatika hauhitaji hofu ya papo hapo. Friji isiyofunguliwafunguliwa hushika ubaridi kwa saa kadhaa.

Imeganda. Hiyo itupe hata kama imeyeyuka na inaonekana safi. Hutokea zaidi kwa wanaoiweka imeegemea ukuta wa nyuma wa friji au chini ya kigandishio. Iweke rafu ya katikati, ndani ya boksi lake, mbali na mwanga.

Kalamu imeanguka sakafuni. Usiitumie, hata kama huoni ufa. Piga simu upewe nyingine.

Niliinua mapema, dawa imemwagika. Usichome nyingine kufidia. Hujui kiasi gani kiliingia. Piga simu, eleza ulichoona, wao ndio waamue.

Nimesahau siku. Usichome dozi mbili kwa pamoja. Dupilumab ya kila wiki 2: ukikumbuka ndani ya siku 7, choma na urudi kwenye kalenda yako ya zamani. Zikipita siku 7, subiri tarehe inayofuata. Kwa nyingine, piga simu kliniki siku ile ile uliyokumbuka. Mara nyingi utaambiwa uchome papo hapo na mpange upya tarehe.

Pale nilipochoma pamevimba. Kitambaa chenye maji baridi kinatosha. Kama wekundu unazidi kutanuka baada ya siku mbili, pana joto na unapata homa, nenda uangaliwe.

Macho mekundu yanayowasha kwa aliye kwenye dupilumab. Hutokea, zaidi kwa wenye ukurutu wa ngozi. Usinunue matone ya macho yenye steroidi mwenyewe. Mwone daktari.

Homa, viungo kuuma na vipele siku 1 hadi 5 baada ya omalizumab. Usichome dozi inayofuata kabla ya kumweleza daktari.

Ganzi au kuchomachoma miguuni au mikononi, pamoja na vipele vipya au kifua kuzidi, wakati vidonge vya steroidi vinapunguzwa. Hili ni la kwenda hospitali mapema. Mara chache, kupunguza steroidi hufichua ugonjwa wa mishipa ya damu uliokuwa umejificha chini yake.

Uzito umebadilika sana. Kwa omalizumab, dozi yako ilipangwa kwa kilo za zamani. Sema, ipangwe upya. Wazazi wa watoto wanaokua wakumbuke hili zaidi ya wote.

Nasafiri. Dawa ikae kwenye mkoba unaoingia nao ndani ya ndege, pamoja na barua ya daktari, ndani ya mfuko wa baridi. Barafu isigusane na boksi. Mizigo ya chini ya ndege inaweza kuganda.

Naogopa sindano. Hauko peke yako. Kaa, usisimame. Weka mguu chini, ulegeze paja, kwa sababu msuli uliokaza unauma zaidi. Toa pumzi polepole huku ukibonyeza. Kama bado, mtu wa nyumbani aje afundishwe, au uendelee kuchomewa kliniki. Hakuna tuzo ya kujichoma mwenyewe.

Miezi minne imepita, sioni tofauti. Mwongozo wa kimataifa wa GINA unashauri jaribio la angalau miezi 4 kabla ya kuhukumu. Ikifika hapo na daftari linaonyesha hakuna kilichosogea, kuna kazi ya kufanya: inhela ikaguliwe tena, dozi zilizorukwa zihesabiwe, moshi na vumbi la nyumbani litazamwe, vinyama vya pua na kiungulia vitibiwe. Kama yote yako sawa, huenda kingamwili hiyo ilikuwa inakamata kitu ambacho si kiini cha pumu yako, na kuna nyingine za kujaribu. Kushindwa kwa moja hakumaanishi zote zitashindwa.

Nimepona, niache? Dawa hizi hutoka mwilini polepole, kwa wiki hadi miezi, ndiyo maana anayeacha kwa siri hujiona mzima kabisa mwezi wa kwanza na kujisifu. Kifua hurudi nyuma kidogo kidogo mpaka usiku mmoja anajikuta kwenye foleni ya dharura. Ukifikiria kuacha, njoo na daftari lile, lenye alama za ACT na usiku ulioamka, uliweke mezani mbele ya daktari, mlipitie mwezi kwa mwezi.